Somo: Kusafisha majitaka ya batiki kwa umeme, hatua kwa hatua

Wanakikundi, habari za kazi. Wengi mmekuwa mkiuliza kuhusu maji yanayobaki baada ya kutia rangi vitambaa: ya zambarau, ya buluu iliyokolea, mengine meusi tii, yanateleza mkononi kwa kostiki, na mwisho wake ni mtaroni. Kwa sisi wa Dar es Salaam, mitaro mingi inapeleka maji mto Msimbazi, na Msimbazi unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Kabla hayajafika huko yanapita bondeni ambako watu wanalima mchicha. Kwa hiyo tunazungumzia sahani zetu wenyewe.

Kuna njia mbili za kutumia umeme, na tofauti kati yake ndiyo msingi wa somo hili. Ya kwanza ni kugandisha: bamba la chuma linayeyuka polepole ndani ya maji, chuma hicho kinakamata rangi, na vyote vinakuwa tope. Ya pili ni kuoksidisha: bamba lisiloyeyuka linauvunja uchafu wenyewe mpaka unabaki kaboni dayoksaidi, maji na chumvi. Ya kwanza inauhamisha uchafu kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope. Ya pili inaumaliza. Mtu asiyezitofautisha ataona maji yameng'aa, atafurahi, atayamwaga, kumbe nusu ya uchafu bado imo na haionekani kwa macho.

Kwa nini tusiwaachie bakteria wa kwenye mabwawa ya majitaka kazi hii? Kwa sababu rangi za vitambaa zimetengenezwa makusudi zivumilie sabuni, jua na jasho. Bakteria hazijui pa kuzishika. Na zile za kundi la azo, zikikaa kwenye tope lisilo na oksijeni, huvunjika na kuacha amini za aromati, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Umeme unaweza kufika pale ambapo bakteria wanashindwa, na si mbinu ngeni: London walijenga mtambo wa kutibu majitaka kwa umeme mwaka 1889, wakiyachanganya na maji ya bahari ili mkondo upite vizuri.

Hatua ya 1: Ijue rangi yako kabla ya kugusa waya

Kama unatumia kostiki soda na haidrosalfaiti (ule unga unaoinyang'anya rangi oksijeni), na kitambaa kinatoka kwenye beseni na rangi moja kisha kinabadilika kikikutana na hewa, hiyo ni rangi ya vati. Rangi ya aina hii huyeyuka tu ikiwa imenyang'anywa oksijeni. Ikirudishiwa oksijeni inakuwa chembe zisizoyeyuka. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi unaweza kufanyiwa na hewa bure. Mimina maji kwenye pipa lenye mdomo mpana, yakoroge mara kadhaa jioni, yaache wazi hadi kesho. Asubuhi utakuta rangi imekaa chini kama unga. Chota maji ya juu, na hayo ndiyo utakayoyatibu kwa umeme.

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Haidrosalfaiti ikibaki kwenye maji itakula umeme wako bure, na ukiongeza asidi kabla haijaisha itatoa gesi ya salfa inayokaba koo.

Kama unatumia rangi ya magadi na chumvi bila haidrosalfaiti, hiyo ni rangi tendaji. Sehemu isiyoshika kitambaa inaweza kufika hata nusu ya rangi uliyotia, nayo haishuki yenyewe ukiiacha mwezi mzima. Hapa umeme ndio unaobeba mzigo.

Hatua ya 2: Toa nta, rekebisha pH

Maji uliyochemshia kitambaa kutoa nta yaache yapoe kabisa. Nta itaganda juu, iopoe, itatumika tena. Nta ikiingia kwenye chombo cha umeme inayafunika mabamba kama koti na mkondo unakatika.

Pima pH kwa karatasi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni kostiki. Maji ya batiki mara nyingi yako juu ya 10. Yashushe hadi kati ya 7 na 9 kwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, ile wanayouza ya betri: glavu, miwani, uwanjani, na siku zote asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, tone kwa tone, kamwe si maji kwenye asidi. Msitumie siki wala ndimu. Najua ni salama zaidi mkononi, lakini hizo zenyewe ni uchafu wa kikaboni. Utakuwa unaongeza kile kile unachotaka kukitoa.

Hatua ya 3: Tengeneza chombo

Ndoo ya plastiki ya lita 20 inatosha kuanzia. Tafuta bamba la chuma cha kawaida, kile cha kuchomelea mageti, ulikate vipande 4 ambavyo vikizama vitakuwa na sentimita 10 kwa 15 ndani ya maji. Vipige msasa hadi ving'ae. Vipange sambamba, kipande hadi kipande sentimita moja na nusu, ukivitenganisha kwa vipande vya plastiki au mbao. Unganisha cha kwanza na cha tatu kwenye chanya, cha pili na cha nne kwenye hasi. Vibanio na waya wa shaba vibaki juu ya maji, kwa sababu shaba ikilowa upande wa chanya nayo itayeyuka.

Sasa sikilizeni kuhusu aina ya chuma, maana hapa ndipo watu wanaweza kuleta sumu mahali ambapo hapakuwa na sumu. Chuma kisichoshika kutu, cha masinki na sufuria, kina kromiamu ndani. Ukikiweka upande wa chanya kinaiachia majini, na inaweza kutoka katika umbo lake baya zaidi, kromiamu sita, ambayo ni sumu ya saratani. Bati la kuezekea limepakwa zinki, nayo itaingia majini. Mabamba ya betri kuukuu ni risasi, hayo yasikaribie kabisa. Aluminiamu inakubalika, ila maji yakiwa na pH zaidi ya 9 inayeyuka bila kugandisha vizuri. Kwa maji yetu ya kostiki, chuma cha kawaida ndicho bora, na ndicho rahisi pia.

Chanzo cha umeme kiwe DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, volti 12, kinachoweza kutoa ampea 6 hadi 10. Usiunganishe kitu chochote cha ndoo hii moja kwa moja na umeme wa ukutani. Utakufa.

Hatua ya 4: Piga hesabu, usikisie

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitupa kanuni hii tangu 1834: kiasi cha chuma kinachoyeyuka kinategemea umeme uliopita, basi. Ampea moja ikipita kwa saa moja, chuma kinachotoka ni gramu 1.04. Aluminiamu ni gramu 0.34. Kwa hiyo tunapima dawa yetu kwa ampea-saa kwa kila lita.

Kwa maji ya rangi anzia na 0.2 kwa lita. Ndoo ya lita 20 inahitaji ampea-saa 4, yaani ampea 6 kwa dakika 40. Chuma kitakachoyeyuka ni kama gramu 4.2, sawa na miligramu 208 kwa kila lita. Mabamba yetu 4 yana nyuso tatu za chanya zinazotazamana na hasi, jumla sentimita za mraba 450, hivyo kila sentimita inabeba miliampea 13. Hapo ni pazuri. Ukipita sana 20, umeme mwingi unaishia kuchemsha maji na kutoa mapovu.

Gharama: volti 12 mara ampea 6 ni wati 72. Kwa dakika 40 ni wati-saa 48 kwa ndoo. Maji ya lita 1,000 yatakula yuniti 2.4, zidisha kwa bei unayonunulia umeme. Maji yenye magadi au chumvi nyingi yanapitisha mkondo vizuri, kwa hiyo volti zitashuka na bili itashuka nazo.

Kabla ya ndoo nzima, jaribu kwenye chombo kidogo kwa 0.1, kisha 0.2, kisha 0.4. Chuja kila sampuli na uzipange kwenye glasi mbele ya karatasi nyeupe. Ukiona 0.4 haina tofauti na 0.2, unachoongeza ni tope tu.

Hatua ya 5: Washa na uangalie

Kaa uangalie dakika za mwanzo, zinafundisha. Kwenye mabamba ya hasi vitatoka viputo vyembamba sana, maji yanakuwa na ukungu mweupe kuzunguka bamba. Hiyo ni haidrojeni. Kwenye chanya hutaona mengi, chuma kinaondoka kimyakimya. Baada ya muda maji yanaanza kuwa na vipande vidogo vya kijani iliyofifia, vinakua, vinashikana na rangi, na vingine vinapandishwa na viputo hadi juu vikawa povu zito lenye rangi ya kitambaa chako. Chota glasi moja. Ukiona vipande vinazama na kati yake maji yanaonekana, mambo yanakwenda.

Ampea-saa 4 zinatoa karibu lita 2 za haidrojeni. Haidrojeni inashika moto ikifika asilimia 4 tu ya hewa. Fanyia kazi nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, usifunike ndoo, usiwe na jiko la mkaa wala sigara karibu, na zima umeme ukutani kabla ya kuchomoa kibanio, kwa sababu cheche moja inatosha.

Kila dakika 10 zima, badilisha chanya na hasi, washa tena. Bila hivyo mabamba yanajenga ngozi ngumu, volti zinapanda na chuma kinaacha kutoka.

Hatua ya 6: Tuliza, chuja, shughulikia tope

Koroga polepole dakika chache, kisha acha saa moja au mbili. Opoa povu, miminia maji ya juu kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara kadhaa, au pipa la mchanga. Tope lililobaki chini ndimo rangi ilimohamia. Likaushe kwenye kitanda cha mchanga chenye plastiki chini na paa juu, lihifadhi kwenye mfuko, lipelekwe kama taka hatarishi. Likitupwa bustanini au shimoni mvua italirudisha mtoni, na kazi yote ya asubuhi imepotea.

Hatua ya 7: Kile kisichoonekana

Maji sasa yameng'aa. Je, ni safi? Jibu linatoka maabara kwa kipimo cha COD, yaani kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuoksidisha uchafu kwa dawa kali. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoachiwa yasizidi miligramu 60 za COD kwa lita, BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kuuvunja uchafu, isizidi 30, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5. Kugandisha kunaondoa rangi vizuri sana kwa sababu molekuli zake ni kubwa. Vitu vidogo vilivyoyeyuka, kama asidi ya asetiki, alkoholi na sukari, vinapita katikati ya tope kana kwamba halipo.

Hapo ndipo inaingia njia ya pili. Anodi, yaani bamba la chanya, inakuwa titani iliyopakwa oksidi za ruthenia na iridi, kama zile za mitambo ya klorini ya mabwawa ya kuogelea, au almasi iliyotiwa boroni, ambayo ni bora na ghali mno. Juu ya almasi hiyo maji yanapasuka na kutoa radikali za haidroksili, vipande vya molekuli ya maji vyenye ukali mno, ambazo zinashambulia karibu kila kitu cha kikaboni.

Lakini angalieni hesabu. Ampea-saa moja, hata kama haipotei hata chembe, inaondoa gramu 0.3 tu za COD. Ndoo ya lita 20 yenye COD ya miligramu 1,000 kwa lita ina gramu 20. Unahitaji ampea-saa 67 kwa uchache, wakati kugandisha kulitaka 4. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio: hewa kwanza, kugandisha pili, kuoksidisha mwisho, na kwa mabaki tu. Anayeanza na almasi kwenye maji mabichi ya beseni anachoma pesa kufanya kazi ambayo hewa ingeifanya usiku amelala.

Karibuni kwa maswali.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama wa batiki, Temeke: Shikamoo mwalimu. Maji yakishang'aa naweza kumwagilia mboga?

Jibu: Marahaba mama. Hapana, tafadhali. Rangi imetoka lakini sodiamu ya kostiki, magadi na chumvi imebaki yote, umeme hauigusi. Sodiamu inaharibu udongo, unakuwa mgumu na haunywi maji, na mboga zinaungua ncha. Matumizi mazuri ni kuyarudisha kazini: suuzia kwanza vitambaa vya rangi iliyokolea, kisha malizia na maji safi. Utapunguza pia maji ya kununua. Ila yachuje vizuri, maana chuma kikibaki kinaacha madoa ya kutu kwenye kitambaa cheupe.

Fundi wa kuchomelea, Morogoro: Mkuu, mimi nina mashine ya kuchomelea, ampea ninazo za kutosha. Siwezi kutumia hiyo?

Jibu: Usitumie, kaka. Zile za transfoma nyingi hutoa AC, umeme unaogeuka upande kila mara kama wa ukutani. Zile za inveta hutoa DC kweli, lakini kabla ya kugusa kazi volti zake zinaweza kufika 60 hadi 80, na hapa tuna maji ya chumvi na mikono iliyolowa. Mkondo wake pia ni mkubwa mno kwa mabamba haya. Chaja nzuri ya betri ya gari yenye mita ya ampea inakutosha. Ujuzi wako tutauhitaji kwenye mabamba: toboa matundu ya boliti juu, mtu aweze kuyabadilisha bila kuvunja chombo kizima.

Mwanakikundi, Kilifi: Kwetu umeme unakatika sana. Paneli ya sola ya wati 100 inaweza kuunganishwa moja kwa moja bila betri? Na viwango vya huku Kenya ni sawa na vyenu?

Jibu: Inaweza, na ni matumizi mazuri ya sola kwa sababu maji hayajali kukatika kwa dakika tano. Paneli ya aina hiyo hutoa kama ampea 5 na nusu jua likiwa kali. Tatizo ni kwamba wingu likipita ampea zinaanguka, kwa hiyo dakika 40 zangu hazina maana kwako. Nunua kile kimita kidogo kinachojumlisha ampea-saa, kiweke katikati, simamisha kikifika 4. Kuhusu viwango, kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kiwango kikali zaidi kidogo: COD isizidi 50, BOD 30. Kabla ya kumwaga chochote wasiliana na NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, kama sisi tunavyowasiliana na mamlaka ya mazingira ya huku.

Dada wa Tanga: Nimefuata hatua zote. Maji yalitoka meupe kabisa, nikayaacha kwenye ndoo. Kesho yake yamekuwa ya machungwa! Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea sana, dada. Chuma kinatoka kwenye bamba kikiwa cha chaji mbili, ambacho kikiyeyuka karibu hakionekani. Hewa inakigeuza kuwa cha chaji tatu, na hicho ndicho kutu unayoiona. Inaelekea pH yako ilikuwa chini, labda 6 au pungufu, ndiyo maana hakikuganda mapema. Ipandishe kwa magadi kidogo hadi 8, koroga kwa nguvu au tia pampu ya hewa ya tenki la samaki kwa nusu saa, kisha ndipo utulize na kuchuja. Ndoo uliyonayo sasa usiimwage, fanya hivyo hivyo nayo.

Mwanafunzi wa uhandisi wa mazingira: Mwalimu, nafanya mradi wa mwaka wa mwisho. Nina anodi ya titani iliyopakwa. Nikiongeza chumvi ya mezani rangi inaondoka ndani ya dakika chache, lakini COD inashuka kidogo sana. Je, nikubali tu kwamba njia ya pili haifanyi kazi?

Jibu: Usikubali bado. Unachokiona ni kazi ya klorini. Chumvi ikipita kwenye anodi hiyo inatoa klorini, nayo inavunja ule muungano wa azo unaoleta rangi. Rangi inapotea, lakini vipande vya molekuli vimebaki vyote, na COD inavihesabu. Mwanakemia Christos Comninellis wa Lausanne, Uswisi, alizigawa anodi katika makundi mawili miaka ya 1990: zile ambazo oksijeni inashikamana na uso wake, zinaoksidisha nusunusu, na zile ambazo radikali inabaki huru na kuunguza hadi mwisho. Anodi yako ni ya kundi la kwanza. Almasi yenye boroni ni ya kundi la pili.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwenye mradi wako. Klorini ikikutana na mabaki ya kikaboni inatengeneza vitu kama klorofomu, ambavyo ni vibaya kuliko ile rangi, kwa hiyo rudia jaribio lile lile kwa salfeti ya sodiamu badala ya chumvi, ulinganishe. Pili, kloridi yenyewe inasumbua kipimo cha COD, na chuma cha chaji mbili kilichobaki kutoka hatua ya kugandisha kinasomwa kama uchafu. Mwambie fundi wa maabara sampuli yako ina nini, atajua namna ya kuzuia kloridi. Tatu, usiishushe pH chini ukiwa na chumvi humo, gesi ya klorini itatoka na itakuumiza mapafu. Na kama maabara yenu ina pampu ya hewa na kitambaa cha kaboni, fikiria kuitumia kaboni kama kathodi, yaani bamba la hasi: oksijeni inageuka haidrojeni peroksidi pale pale, ukitia chuma kidogo kwenye pH 3 unapata mmenyuko wa Fenton ndani ya chombo, yaani chuma na peroksidi vinatoa radikali zile zile. Radikali unazipata bila kununua almasi.

Mwanafunzi huyo huyo: Asante sana. Na nikipata matokeo ya COD nilinganishe na kitu gani?

Jibu: Na ampea-saa zako. Chora COD iliyoondoka dhidi ya ampea-saa zilizopita, na mstari wa kinadharia wa gramu 0.3 kwa kila moja juu yake. Umbali kati ya mistari hiyo miwili ndio umeme unaopotea, na ukiona unapanuka kwa kasi zaidi kadiri COD inavyoshuka, ujue uchafu hauifikii anodi kwa kasi ya kutosha. Hapo koroga zaidi au punguza mkondo, kisha pima tena.